Jivu la Miwa na Ng'ombe wa Gogo Cherop

Kabla ya kuagiza hata mfuko mmoja wa saruji, shikeni udongo. Sisemi muuangalie tu. Inameni, chimbeni chini ya mizizi ya nyasi, chukueni kidonge kidogo, mkiloweshe, kisha mkiviringishe katikati ya viganja kama mtu anayesokota kamba. Kikikatika mapema, shukuruni Mungu. Kikirefuka, kikazidi kurefuka mpaka kikawa chembamba kama uzi wa kiatu na bado hakijakatika, basi huo ni mfinyanzi halisi. Wakati wa jua utapasuka mpaka mtoto apoteze kiatu ndani ya ufa. Wakati wa mvua utafura na kuinua sakafu yenu kama chapati iliyo kwenye kikaango.

Juzi wanafunzi wa chuo cha ufundi walinitembelea hapa nyumbani Bungoma. Walinikuta nikipalilia sukuma wiki. Mmoja akaniuliza, "Mama Nanjala, ni kweli mlijenga barabara na takataka ya kiwanda?" Wenzake wakacheka. Nikawapa chai na kuwaambia wakae. Chai iliisha kabla sijafika mbali, kwa hiyo yale yaliyobaki nawaandikia nyinyi nyote mnaoanza kazi hii.

Mimi nilikuwa mpimaji wa udongo. Miaka ya themanini, mwanamke akishuka kutoka kwenye lori la ujenzi watu walidhani ameleta chakula. Mara nyingi nilifika mahali na ndoo zangu za sampuli, mtu akanyoosha mkono kufunua aone kama ni githeri. Kampuni yetu ilikuwa ya ukoo mmoja wa Kalasinga wa Kitale, na aliyenifundisha kazi alikuwa msimamizi wetu, Fundi Jaswant. Yeye alizaliwa Kitale, akakulia na watoto wa Kibukusu, na lugha yetu aliizungumza vizuri kiasi kwamba mama yangu alipomsikia mara ya kwanza aliuliza kama ameoa kwetu. Alikuwa mkali. Ukimletea sampuli ya udongo kwenye karatasi chafu, aliitupa. Lakini ukimuuliza swali, hata la kijinga namna gani, alisimamisha kila kitu akajibu.

Zamani dawa ya udongo mbaya ilikuwa moja: kuuchimba wote, kuutupa, na kuleta murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kutoka mahali pengine. Iliwezekana palipokuwa na murram karibu. Lakini machimbo ya karibu yaliisha, wenye mashamba wakakataa tuwaachie mashimo mapya, na malori yakaanza kusafiri mbali hivi kwamba barabara tunazopita ziliharibika kuliko ile tuliyokuwa tukiitengeneza. Ndipo tukaanza kuangalia vile vitu ambavyo viwanda vinatupa.

Tulianza na molasi, lile tope tamu linalobaki miwa ikishatoa sukari. Kipande cha kwanza kilikuwa huku Bungoma. Tulinyunyiza, tukachanganya, tukashindilia, barabara ikang'aa nyeusi kama kiatu cha mwalimu mkuu. Vumbi liliisha kabisa. Tukapeana mikono. Kesho yake asubuhi dereva wetu Wekesa alirudi mbio kutoka huko, anahema.

"Madam! Ng'ombe zinakula balabala!"

Barabara kuliwa? Nilifikiri anatania. Nilipofika nilikuta kundi zima la ng'ombe limeinama, linalamba kwa bidii, na wachungaji wamekaa kando wamefurahi kwamba leo hakuna wa kuhangaika kutafuta malisho. Juu yao nyuki. Rola yetu ya kushindilia ilikaa siku hiyo nzima bila kazi kwa sababu nyuki walikuwa wameshika kiti cha dereva. Tungeweza kuvumilia ng'ombe na nyuki, lakini mvua ilipokuja, molasi yetu iliyeyuka kama sukari kwenye chai na kwenda zake mtoni. Molasi yetu ilishika vumbi vizuri, lakini mvua iliishinda. Fundi Jaswant aliangalia lile tope akasema, "Sawa. Tumepikia ng'ombe uji. Tutafute kitu kingine."

Hicho kitu kingine kilionwa na Injinia Makokha, kijana mpole aliyekuwa akikagua kazi zetu. Nyuma ya kiwanda kimoja cha sukari kulikuwa na mlima wa jivu. Miwa ikishakamuliwa, kiwanda huyachoma makapi kuchemsha mitambo yake, na jivu linatupwa. Injinia alikuwa anapita hapo akaona kwamba upande mmoja, mahali ambapo mifuko ya chokaa ilikuwa imepasuka na kunyeshewa pamoja na jivu, ardhi ilikuwa na ganda gumu. Alipopiga na kisigino, ganda lilimrudisha. Akaazima jembe kwa mlinzi, akapiga, jembe likaruka.

"Mama Nanjala," aliniambia, "hebu tuone kama udongo wako utakubali hii kitu."

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Tulibeba jivu, tukachanganya na mfinyanzi na chokaa kidogo, tukafinyanga matofali madogo, tukayafunika na magunia mabichi, tukangoja. Halafu nikayatumbukiza ndani ya ndoo za maji. Yote yakageuka uji. Fundi Jaswant ndiye aliyechota jivu lililobaki akalisugua kati ya vidole, kisha akanionyesha mkono wake: mweusi ti.

"Hili halijaiva," akasema. "Hili bado ni makaa. Mama yako akipika, jivu zuri ni rangi gani?"

"Kijivu karibu na nyeupe."

"Basi nenda ulete hilo."

Nilirudi kiwandani, nikachimba upande wa lundo ambako moto ulikuwa umekula makapi vizuri. Injinia naye akaeleza kwa nini: chembe za makaa hazishikani na chokaa, zinakaa tu katikati kama wageni wasiosalimiana. Tukatengeneza matofali mengine. Safari hii nilipoyatumbukiza majini, yalikaa. Niliondoka nikaenda kula, nikarudi, bado yamekaa. Kando yake niliweka tofali la mfinyanzi mtupu, nalo lilikuwa limeshalala chini ya ndoo kama ugali uliokosa unga. Sijui kama nyinyi mmewahi kufurahi kwa sababu ya ndoo ya maji. Mimi nilifurahi.

Hivyo ndivyo tulivyopelekwa bondeni, kwenye barabara ya kwenda Kachibora. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Bonde hilo lilikuwa la udongo mweusi unaonata, na kila masika liliwatenga watu wa upande wa pili. Mahindi yalioza ghalani, maziwa yalimwagwa, na wagonjwa walivushwa kwa machela. Watu walitupokea vizuri sana. Nilipanga chumba kwenye boma lililokuwa karibu na kazi, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, binti yangu Nanjala alikuwa nami. Alikuwa bado mdogo, wa darasa la kwanza.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane aitwaye Cherop. Kule nyanya huitwa gogo, kwa hiyo sote tulimwita Gogo Cherop. Shamba lake lilianzia kwenye chemchemi iliyonywesha boma kadhaa, likateremka chini. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa maziwa mengi, mwenye baka jeupe usoni, na maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yaliyomvisha na kumlisha. Kila asubuhi alinipa ya Nanjala kwenye kikombe cha bati, akakataa shukrani.

Lundo letu la jivu, ambalo halikukosa masizi, tuliliweka pamoja na mifuko ya chokaa karibu na njia, juu kidogo ya chemchemi. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Kiangazi kilikuwa kikali na anga jeupe.

Kisha, bila ishara, mvua ya ghafla ikapiga jioni moja. Asubuhi nikamkuta Nanjala anarudi kutoka chemchemini na kibuyu chake, midomo imelowa.

"Mama, leo maji ni kama chai ya rangi," akaniambia.

"Umekunywa?"

"Ndiyo. Lakini haina sukari."

Nilikimbia chemchemini. Maji yalikuwa meusi, na juu yake palielea utando wa masizi. Nilipoinua macho niliona njia ambayo mvua ilipitia, kutoka kwenye lundo letu mpaka hapo, imechorwa wazi kwenye nyasi. Kabla sijageuka nikasikia ukelele kutoka kwa Gogo Cherop. Ng'ombe wake alikuwa amelala ubavu nyuma ya zizi, tumbo limefura, macho yametoka. Alikuwa ameshakufa.

Wale waliokuwa wakituletea mahindi ya kuchoma walikuja sasa na fimbo. Sikuwalaumu hata siku ile. Walikaa barabarani mbele ya rola, wanaume kwa wanawake, na Gogo akasimama mbele yao. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nyinyi mumeweka sumu kwa maji yangu," alisema. "Leo ni ng'ombe. Kesho itakuwa mtoto ya nani?"

Aliponiona, akakumbuka, akashika kinywa. "Nanjala amekunywa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Muelewe pia kazi ilikuwa imefika wapi. Kipande kizima tulikuwa tumeshakichanganya na kukilowesha alfajiri hiyo. Mchanganyiko wa jivu na chokaa ukishalowa haungoji mtu. Usiposhindiliwa siku hiyo hiyo unaanza kushikana wenyewe, vibaya, na kazi yote ni bure. Wekesa alimsogelea Fundi Jaswant akamnong'oneza, "Fundi, tuwaombe tu watupishe kidogo, tumalize hii, halafu tuongee. Itahalibika yote."

"Zima rola."

"Lakini fundi..."

"Wekesa, barabara tutachanganya tena. Zima."

Akatoa funguo za rola akampa Gogo Cherop mkononi. Sijawahi kuona msimamizi akifanya hivyo, wala sikuona tena. "Gogo, kaa nazo," alisema. "Mimi sijui kama ni jivu letu. Nikijua kwamba ni letu, nitasema mbele ya watu wote. Ngoja kwanza daktari wa ng'ombe afungue huyu." Akamtuma Wekesa na lori Kitale alete daktari wa mifugo na Injinia Makokha, na wafanyakazi wengine akawaambia wachote maji safi mbali, kwenye mapipa, wapeleke kila boma.

Lori lilikuwa limeshaondoka nilipokumbuka hospitali, na gari jingine halikuwapo. Mimi nilikaa na mwanangu kwenye kivuli cha nyumba. Nilimtazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Rangi ya midomo, macho, kucha. Mama mwenye boma alikuwa ameniletea bakuli la mandazi nipate nguvu. Nililiweka kando.

"Nanjala, tumbo linauma?"

Akafikiri. "Kidogo."

Nikampa andazi apate kitu tumboni. Baada ya muda nikauliza tena. "Kidogo," akasema, na akanyoosha mkono. Nikampa jingine. Nilimwomba Mungu kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, na vipande vya Kiingereza nilivyokuwa navyo nikaviongeza. Niliahidi kuacha kazi. Niliahidi sitagusa jivu hata la jikoni.

Lori lilirudi mchana jua likiwa kali. Daktari wa ng'ombe alikuwa mtu mnene, wa maneno machache. Alivaa buti za mpira, akanoa kisu kwenye jiwe, akamfungua ng'ombe mbele ya watu wote. Wengine waligeuka. Gogo hakugeuka. Daktari aliingiza mkono kwenye tumbo kubwa mpaka begani, akapapasa, akavuta. Kilichotoka kilikuwa mpira mkubwa kama kichwa cha mtu. Akaumwagia maji ndoo nzima, akaanza kuufungua polepole. Nailoni. Kamba za magunia ya mbolea, vipande vya mifuko ya plastiki, vyote vimesokotana na nyasi za miezi mingi.

"Hii imeziba njia," alisema. "Hakuna kitu kilikuwa kinapita. Hata kama maji yangekuwa ya mbinguni, angekufa tu. Hii si ya jana, mama. Huyu ameumwa kitambo. Alikuwa amepunguza kula?"

Gogo akainama akaushika ule mpira. "Alikuwa anaacha majani," akasema. "Nilifikiri ni joto."

Injinia alikuwa ameenda chemchemini na karatasi zake za kupimia na chupa. Aliporudi watu walimzunguka. Hakutoa ahadi ya haraka, na kwa hilo nilimheshimu zaidi. "Kwa karatasi hii naona chokaa kidogo, na weusi ni masizi," alisema. "Sioni kitu cha kuua. Lakini macho yangu si maabara. Msinywe mpaka niwaletee jibu, na maji ya kutumia tutawaletea sisi."

Nilirudi mbio kwa Nanjala. Nilimkuta ameketi palepale, bakuli liko magotini.

"Mwanangu, tumbo bado linauma?"

Akachungulia ndani ya bakuli. "Mandazi imeisha?"

"Imeisha."

"Basi haliumi."

Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka, machozi yananitoka, na mtoto akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mkitaka kujua raha ni nini, si kulala kitandani kwa hoteli. Raha ni mtoto aliyekudanganya kwa sababu ya mandazi.

Gogo Cherop alimrudishia Fundi Jaswant funguo kabla jua halijatua. "Ng'ombe yangu si nyinyi," alisema. "Lakini maji ni nyinyi."

"Maji ni sisi," Fundi akakubali.

Hakutafuta sababu. Siku iliyofuata hatukugusa barabara. Tulihamisha lundo lote ng'ambo ya njia, mbali na chemchemi, juu ya ardhi tuliyoishindilia kwanza, tukalizungushia mtaro na kulifunika na turubai. Tukasafisha chemchemi, tukaijengea ukuta wa mawe na bomba. Jibu la maabara lilipokuja likasema kama Injinia alivyosema: masizi na chokaa kidogo, hakuna sumu. Watu walipiga makofi, nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kwa hiyo, vijana, mkiletewa taka ya kiwanda chochote, kwanza ulizeni imepita wapi na ina nini ndani. Ipimeni kabla haijashuka kwenye lori. Si kila takataka ni dawa. Kuna jivu lingine, kuna vumbi lingine la viwanda, ambalo ukiliweka karibu na maji hutapata daktari wa kukuokoa kwa mpira wa nailoni. Na mkiweka lundo, angalieni mteremko unaelekea wapi hata kama anga ni jeupe.

Kile kipande kilichoharibika tulikivunja upya. Greda yetu ilishindwa kusaga mabonge, kwa hiyo mkulima mmoja wa huko akatuazima trekta na haro yake ya kulimia. Akalima barabara kama anayeandaa shamba la mahindi, akarudi, akalima tena, mpaka mabonge yakawa kama unga wa ngano wa kukanda. Wazee walisimama wakimuuliza atapanda mbegu gani. Tulilowesha, tukashindilia kabla ya jua kukausha, tukafunika na nyasi mbichi, tukazuia magari. Hapo ndipo vijana wengi hukosea: wanaona pamekauka juu, wanafungua njia. Jivu na chokaa vinataka unyevu na subira. Nilimwagia maji kila asubuhi na kila jioni.

Kisha masika yakaja kwa kweli. Ilinyesha mpaka mto ukasikika kutoka kwenye boma letu. Tulisimama wote kando ya bonde, tumejifunika magunia, kilemba cha Fundi Jaswant kimelowa na kumwelemea. Upande wa Kachibora likatokea lori limejaa mahindi. Dereva alisimama pale juu, kabla ya mahali alipokuwa akikwama kila mwaka. Akashuka. Akatembea hadi katikati, akachoma barabara kwa fimbo. Fimbo haikuingia. Akachoma pengine. Akatutazama sisi, akatazama fimbo, akarudi kwenye lori lake. Alikuja polepole sana, mlango wazi, mguu mmoja nje tayari kuruka. Magurudumu yalipita mbele yetu. Yaliacha alama ya maji tu.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Tuliangalia kwanza ile alama mpaka maji yakaifuta. Halafu Wekesa akatupa gunia lake juu akapiga kelele, "Balabala imekataa kulala!" na kila mtu akamkumbatia aliyekuwa karibu. Fundi Jaswant alinishika mkono akauminya. Niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa nao tangu kiangazi.

Wiki ile ile Gogo Cherop alikuja kwenye kambi yetu na karai kichwani. Ndugu zake walikuwa wamemchangia mtamba mchanga, na zizi lake lilikuwa limegeuka ziwa la tope.

"Nipe hiyo jivu yenu na chokaa," akasema. "Mtoto wangu anasimama kwa matope mpaka magoti."

Fundi Jaswant akamtazama. "Gogo, huogopi?"

"Mimi niliogopa juu ya maji," alijibu. "Zizi langu liko chini ya chemchemi, nimeshaangalia mteremko. Sasa wewe jaza karai, bana, mvua inakuja."

Tulienda naye sote, hata Injinia Makokha akakunja suruali. Kabla ya jioni sakafu ya zizi ilikuwa imeshindiliwa na kufunikwa nyasi, na yule mtamba alifungwa nje chini ya paa la jikoni, analia kwa sauti nyembamba akitaka kuingia. Gogo alimkatalia. Alisimama mlangoni na kopo la maji, akinyunyiza nyasi taratibu, akimwambia mnyama wake angoje, kitu kizuri hakiharakishwi.